Alizeti ya haibridi Tabora na Kigoma: kwanini kichwa kinakuwa sinia halafu ndani mapepe, na ufanye nini msimu huu

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano naletewa kichwa kilekile. Mtu anakuja nacho kwenye kiroba, kikubwa kama sinia la kupepetea, anakibandika mezani anasema mzee mwenzangu hebu angalia hiki halafu mashine wananiambia hamna mafuta. Unabonyeza mbegu za katikati zinapasuka paa! hewa tupu. Mapepe.

Sasa niseme mapema ili tusipotezeane muda, hicho kichwa sinia ndo kosa lenyewe. Mashine ya kukamua haina habari na ukubwa wa kichwa, inataka mbegu iliyojaa, na mbegu zilizojaa kwa wingi zinatoka kwenye vichwa vya wastani, sentimita 15 hadi 20 hivi, vilivyosimama vingi kwenye ekari moja. Ukishika hilo hatua zote hapa chini utazielewa.

Mfano wote ni wa ekari moja. Mi nalima Tabora, wa Kigoma nitawataja pale mambo yanapotofautiana.

## Andaa hivi kwanza, usianze kukimbizana mvua ikishanyesha

- Mbegu ya haibridi (chotara) kilo 2, mpya, kwenye pakiti iliyofungwa
- DAP, mbolea ya kupandia, nusu mfuko hadi mfuko mmoja (kilo 25 hadi 50)
- Urea kilo 25 ya kukuzia
- Mbolea ya kunyunyizia majani yenye kirutubisho cha boroni, chupa ndogo inatosha
- Kamba ndefu uliyoifunga fundo kila sentimita 30, na kijiti cha sentimita 75
- Vizibo vya soda vya kupimia mbolea
- Turubai mbili kubwa, hizi ni lazima
- Viroba safi, sio vilivyobeba mbolea
- Mizinga miwili ya nyuki, au jirani mwenye mizinga

Kama hujajiandikisha kwenye daftari la mbolea ya ruzuku kijijini kwako fanya hivyo mapema, ukingoja Desemba utakuta foleni.

## Hatua ya 1: Shamba

Alizeti haichagui sana ardhi ila haivumilii miguu kwenye maji. Kwahiyo mbuga ile nyeusi tunayolimia mpunga iache na mpunga wake. Kichanga chetu cha Tabora kinafaa, ila kina njaa ya boroni, ntaeleza mbele.

Usirudie alizeti palepale mwaka hadi mwaka. Magonjwa ya kuoza kichwa na shina yanabaki kwenye udongo na mabaki. Zungusha na mahindi au mtama, ukae angalau misimu mitatu ndo urudi.

Shamba lililotoka tumbaku lina faida na hasara. Faida ni mabaki ya mbolea. Hasara ni minyoo fundo, wanaopenda mizizi ya alizeti pia. Ng'oa visiki vichache vya tumbaku uangalie, ukikuta mizizi imejaa vinundu kama karanga hapo panda mahindi kwanza. Na matuta ya tumbaku usiyatumie kama yalivyo, yameachana mno, utapata hayohayo masinia. Vunja ulime upya.

Onyo ambalo wengi hawalijui: dawa ya magugu. Kama shamba la mahindi mwaka jana lilipigwa atrazini kwa wingi inaweza kubaki kwenye udongo ikaunguza miche ya alizeti. Na ile 2,4-D ya kwenye mpunga ni sumu kabisa kwa alizeti, hata upepo tu ukiileta kutoka shamba la jirani utaona majani yanajikunja kama sikio la mbuzi. Ongea na jirani. Bomba lililotumika na hiyo dawa usiliingize kwako, hata uoshe vipi.

## Hatua ya 2: Mbegu

Haibridi zinazojulikana madukani ni kama Hysun 33 na Aguara 4. Ile Record ya zamani sio haibridi, ni mbegu ya kawaida, mafuta yake na mavuno yake yako chini ila unaweza kuitunza ukaipanda tena.

Haibridi haitunzwi. Hapa nakiri dhambi yangu, mwaka wangu wa pili niliona hasara kununua mbegu nikachukua vichwa vizuri vya mavuno nikaweka. Ilivyoota shamba likawa kama wanafunzi wa shule ya msingi mstarini, mmoja mrefu mmoja mfupi, huyu ametoa ua yule bado mchanga, wengine wana matawi na vichwa vitatu vidogo. Kuvuna nikarudi shambani mara nne. Mbegu ya haibridi imetokana na wazazi wawili waliochaguliwa, ukipanda watoto wake tabia zinatawanyika, hilo halina dawa.

Nunua duka lenye kibali, angalia tarehe na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), kwangua uhakiki kwa simu yako hapohapo dukani kabla ya kulipa. Mbegu inayopimwa kwenye kopo kutoka kiroba kilichofunguliwa, hata muuzaji awe shemeji yako, achana nayo.

Jaribu uotaji. Hesabu mbegu 50, zifunge kwenye kipande cha kiroba cha katani kilichoroa, weka kivulini, loanisha kila siku. Siku ya saba zikiota 43 na kuendelea uko vizuri. Zikiota 30, rudisha na risiti yako.

## Hatua ya 3: Tarehe. Hapa ndo watu wengi wanapoanguka

Hapa soma taratibu.

Haibridi nyingi zinatoa maua siku ya 55 hadi 70 na kukomaa siku 90 hadi 120, angalia pakiti yako. Alizeti inahitaji maji zaidi kuanzia siku kama 20 kabla ya maua hadi siku 20 baada ya maua. Ikikosa maji hapo mbegu hazijai. Lakini ikishajaa haitaki mvua tena, kichwa kinageuka chini kama bakuli, nyuma yake panashika maji panaoza.

Kwahiyo hupangi siku ya kupanda kwa kuangalia mvua ya kwanza. Unapanga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka mvua inapokata.

Tabora mvua inaanza kama mwishoni mwa Novemba na kukata Aprili. Sasa piga hesabu na mimi, maua siku ya 62, kukomaa siku ya 105:

Ukipanda 25 Novemba, maua mwishoni mwa Januari, unakomaza karibu 10 Machi, mvua imekolea. Vichwa vinaoza na huna pa kuanikia.

Ukipanda 15 Februari, maua katikati ya Aprili, mvua inakata mbegu zikiwa ndo zinajaza. Mapepe. Hili ndo kundi kubwa, mtu anamaliza mahindi, anamaliza tumbaku, anamaliza mpunga, alizeti inapewa makombo ya muda.

Ukipanda 5 Januari, maua karibu 8 Machi, unakomaza karibu 20 Aprili. Hapo sawa.

Kwahiyo Tabora mjini, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua lenga mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari. Igunga na Nzega ambako mvua ni chache zaidi usivuke wiki ya kwanza ya Januari. Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo, mvua yao inaanza mapema na kuchelewa kukata, huko unaweza kusogea hadi mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari, wengine wanavuna maharage ya kwanza ndo wanaingiza alizeti, na inakubali vizuri tu.

Sikiliza utabiri wa Msimu wa mamlaka ya hali ya hewa kabla hujaamua. Wakisema mvua itawahi kukata, panda wiki moja mapema zaidi.

## Hatua ya 4: Kupanda na mbolea

Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30. Hiyo inakupa mashimo kama 18,000 kwa ekari. Kina sentimita 4 hadi 5 kwenye kichanga, udongo mzito sentimita 3. Mbegu mbili kila shimo.

DAP nusu kizibo cha soda kwa shimo, unaweka kwanza, unafukia na udongo wa vidole vitatu ndo mbegu juu yake. Mbolea ikigusa mbegu inaiunguza, halafu mtu analaumu mbegu feki.

Panda udongo ukiwa umelowa hadi chini, na pandeni shamba zima siku moja au mbili. Ukipanda kwa mafungu ya wiki mbilimbili ndege watakula kila fungu kwa nafasi yake.

Siku ya 5 hadi 10 inachomoza. Pembe zenye mapengo rudishia mbegu ndani ya wiki hiyo, usihamishe miche, alizeti ikihamishwa mzizi wake mkuu unakatika na haipati nguvu tena. Asubuhi ukikuta miche imekatwa kama kwa wembe chimbua pembeni yake, sota, yule kiwavi anayekata miche, yuko hapo kajikunja.

Umefanikiwa kama: ukipima mita 10 za mstari unakuta mashimo yenye mche kama 30 hivi. Chini ya 25 una shida.

## Hatua ya 5: Kupunguzia na palizi

Wiki mbili baada ya kuota, mche una majani manne, ardhi ikiwa mbichi, ng'oa mmoja ubaki mmoja. MMOJA.

Najua huruma inakuja. Mama mmoja jirani yangu aliniambia hawezi kung'oa mtoto mzima aliyeota mwenyewe. Sawa, lakini miche miwili kwenye shimo moja inatoa vichwa viwili kama kisahani cha chai, na ukiacha mapengo makubwa ndo unapata masinia. Sinia lina ganda nene, linachelewa kukauka, na katikati linashindwa kujaza kwasababu mmea mmoja umejipa watoto wengi kuliko chakula. Piga hesabu: mimea 15,000 iliyofika mwisho, kila kichwa kikitoa gramu 50 tu, ni kilo 750 kwa ekari.

Palizi ya kwanza fanya pamoja na kupunguzia. Ya pili wiki ya nne au ya tano ukiwa unapandishia udongo kwenye shina ili upepo usiangushe, hapo unaweka urea robo kizibo hivi, pembeni ya shina, ufukie. Baada ya hapo majani yanafunga yenyewe na magugu yanakosa jua. Wiki sita za mwanzo zikikupita na magugu, palizi ya kuchelewa inakata mizizi tu.

## Hatua ya 6: Maua (usilale hapa)

Boroni kwanza. Kwenye kichanga chetu mvua inaiosha. Dalili: majani machanga magumu yenye rangi ya kahawia, shina linapasuka chini ya kichwa, kichwa kimepinda au kinadondoka chenyewe. Ukisubiri dalili umechelewa. Nyunyizia mbolea ya majani yenye boroni mmea ukiwa umefika magotini hadi kabla kitumba hakijafunguka, kwa kipimo cha kwenye chupa. Usizidishe, boroni nyingi ni sumu kwa mmea.

Nyuki. Hapa watu wa Tabora tunajiaibisha kidogo. Mkoa wa asali, halafu mtu anapiga dawa ya wadudu saa nne asubuhi shamba limechanua njano tupu, anaua nyuki wote, mwezi wa tano analeta mapepe. Haibridi za siku hizi zinaweza kujichavusha kiasi, lakini nyuki wakiwepo mbegu zinajaa zaidi, na asali unapata juu yake. Sogeza mizinga miwili pembeni mwa shamba kabla maua hayajafunguka.

Funza wa vitumba, yule anayekula pamba na nyanya, atakuja. Kagua vitumba kabla havijafunguka, ukikuta wengi piga dawa wakati huo. Maua yakishafunguka okota kwa mkono, au ukilazimika kabisa piga jioni sana nyuki wakiwa wamerudi, dawa ambayo lebo yake haijakataza.

Pima mapema. Siku 20 baada ya maua kuanza, kata vichwa vitano sehemu tofauti za shamba, vipasue katikati, bonyeza mbegu kwa kucha. Mapepe yakiwa duara dogo la katikati kama kizibo cha soda hiyo ni kawaida. Yakiwa katikati kwa upana wa kiganja, mmea ulikosa maji au chakula wakati wa kujaza. Yakiwa yametawanyika kichwa kizima, hii tupu hii nzima, tatizo ni uchavushaji. Andika kwenye daftari maana mwaka huu umeshapita ila mwakani utajua pa kurekebisha.

## Hatua ya 7: Ndege na kuvuna

Ndege wanaanza mbegu ikiwa bado maziwa. Mistari ya pembeni na ile iliyo karibu na miti ndo inaliwa kwanza, kwahiyo usipande chini ya miembe. Kanda za kaseti na makopo yanasaidia siku tatu, wakishazoea wanakaa juu yake. Watoto wa kuamia asubuhi na jioni, na kupanda pamoja na majirani, ndo vinasaidia kweli.

Vuna mgongo wa kichwa ukiwa umetoka kijani kwenda njano na kuanza kahawia, na vile vijani vya kuzunguka kichwa vimekauka. Usingoje shina likauke kama kuni, utawavunia ndege na panya. Kata kichwa na kipande kifupi cha shina, anika kwenye chanja au turubai uso ukiangalia juu siku 3 hadi 7. Usirundike vikiwa vibichi, ukiingiza mkono kwenye rundo ukakuta joto ujue vinaoza.

## Hatua ya 8: Kupura na kukausha

Kichwa kifudifudi juu ya turubai, fimbo ya wastani mgongoni. Usipige kama unaua nyoka, ganda likipasuka mafuta yanaanza kuchacha.

Usipurie chini kwenye mchanga. Mchanga unakula mashine, na mwenye mashine anaujua, atakukata bei.

Pepeta, anika tena siku mbili tatu. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 9 au 10. Kama huna kipimo chukua chupa ya kioo kavu, weka mbegu na chumvi kavu kijiko, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani.

Viroba juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukiuza uza kwa kilo, sio kwa gunia la lumbesa, maana alizeti ni nyepesi na lumbesa inakuibia debe zima huku unacheka.

## Hatua ya 9: Kukamua

Kilo 100 za haibridi iliyojaa, mashine ndogo ikiwa nzima, zinatoa mafuta kilo 28 hadi 35 hivi. Zikitoka 20 jiulize kama ni mapepe, unyevu, au mashine imechoka. Kaa hapohapo mashine ikifanya kazi. Na mkubaliane kabla: mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) ya nani? Sehemu nyingi mwenye mashine anakukamulia kwa bei ya chini halafu anabaki na mashudu, na mkulima anaondoka na dumu lake amefurahi. Kama una mifugo lipa hela kamili ubebe mashudu yako.

Mafuta yaache yatulie siku mbili tatu kwenye ndoo yenye mfuniko, mimina ya juu taratibu tope libaki chini, chuja kwa kitambaa safi, chemsha moto mdogo hadi yaache kupiga mapovu (hayo ni maji yanatoka). Yapoe kabisa ndo uweke kwenye vyombo safi, ufunge, gizani. Dumu lililobeba dawa au petroli, hapana kabisa. Ukitaka kuuza madukani nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani wakuelekeze njia ya kufika TBS (shirika la viwango).

## Hatua ya 10: Mashudu kwa mifugo

Mashudu yanatoka mashineni ya moto. Ukiyafunga hivyohivyo yanatoa jasho, yanashika ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu ambayo inaua kuku na inapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto wako. Tandaza, yapoe, yakauke, ndo viroba. Yenye harufu ya uvundo au rangi ya kijani usimpe mnyama yeyote, zika.

Ng'ombe wa maziwa, mchanganyiko wa kilo 100: pumba za mahindi 70, mashudu 27, chokaa ya mifugo 2, chumvi 1. Anza na nusu kilo kwa siku upandishe taratibu ndani ya wiki mbili, na majani yawepo muda wote.

Kuku wa mayai wape mashudu kilo 10 hadi 15 tu kwenye kila 100 za chakula, kwasababu yamejaa makapi na yana upungufu wa laisini, sehemu ya protini ambayo kuku anaihitaji. Upungufu huo unazibwa na dagaa, na hapo watu wa Kigoma mna bahati, wale dagaa waliovunjika wasiouzika sokoni wanatosha kabisa. Wawe wakavu na wasiwe na mchanga. Vifaranga bado wadogo wasipewe, tumbo lao halimudu makapi.

Vile vichwa vilivyopurwa navyo usichome moto, ng'ombe na mbuzi wanavila vizuri kiangazi majani yakiisha. Vyenye ukungu toa. Mabua yaliyobaki wa Igunga na Nzega mnajua wenyewe yanaenda jikoni, ila majivu yake rudisha shambani au kwenye bustani ya mboga, yana potashi nyingi.